Ndoto za Alinacha: Huyu Msee Alikuwa Nani, na Mbona Anatajwa Kila Ukisema Utaomoka?

Simama Kibera ama Kawangware, mbele ya wasee, useme kwa sauti kwamba kabla ufike miaka 30 utakuwa na ploti Karen. Kuna majibu matatu utapata. Msee wa rika lako atasema "wapi!" Mwingine atakuuliza kama hizo si stori za jaba. Halafu kuna ule mzae wa mtaa, ule hakosangi taarifa ya habari ya saa moja na husahihisha kila mtu Kiswahili. Huyo atakohoa kidogo, aangalie viatu zako, aseme: "Kijana, hizo ni ndoto za Alinacha."

Watu watacheka. Ukiwauliza Alinacha ni nani, kicheko kinaisha. Mmoja atakwambia ni mfalme wa kitambo. Mwingine atasema ni jina lingine la Abunuwasi. Kuna wenye hudhani ni kitenzi, na siwalaumu, juu ukiliangalia hivi linakaa kabisa kama kitenzi: a-li-na-cha. Kama kuna mtu mahali alinacha kitu.

Si kitenzi. Ni jina la mtu, na huyo mtu alikuwa hasla kama wewe.

Maana kwanza

Ukisema jambo ni ndoto ya Alinacha, unamaanisha ni jambo ambalo haliwezi kutokea. Mtu amelijenga kichwani, amelipaka rangi, ameliwekea mapazia, lakini huku nje hakuna hata tofali. Kwa Sheng tungesema "haiwezi mek."

Lakini kuna tofauti ndogo hapo, na ndiyo hufanya hili neno liwe tamu. Kiswahili kina njia mob za kusema kitu hakiko. Kuna "maziwa ya kuku", ile ya kitu ambacho hata utafute aje hutapata. Kuku hana maziwa, stori imeisha. Kuna "ndoto za mchana", hiyo ni ya yeyote anayewaza akiwa macho. Sasa Alinacha yuko katikati. Ndoto yake huwa na hesabu. Ina hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila hatua ukiiangalia peke yake unaona kama inaweza. Ni vile zimepangwa zote juu ya kitu kimoja kidogo chenye kinavunjika.

Ndio maana stori za jaba ni binamu yake wa karibu. Wenye hukaa base wanajua vile inaenda. Msee anatafuna miraa, anashika handas, na kufika saa nne usiku base nzima imefungua kampuni ya matatu, imeajiri madereva, na sasa wanabishana nani atakuwa mwenyekiti. Asubuhi hakuna mwenye anakumbuka route ilikuwa gani. Alinacha alifanya hayo yote bila kutafuna hata kijiti kimoja.

Sasa cheki stori yenyewe

Inatoka kwa Alfu Lela Ulela, zile hadithi za usiku elfu moja na moja. Ndani yake kuna kinyozi wa Baghdad, na huyo kinyozi ana mdomo kushinda vinyozi wote umewahi kukalia kiti yao. Ana ndugu sita, na anasimulia maisha ya kila mmoja kama mtu hajaulizwa. Alinacha ni ndugu wa tano.

Mzae wao alikufa akawaachia dirhamu 700. Wako saba, kila mtu akachukua 100. Yaani soo moja moja. Huyu wa tano hakuwahi kushika pesa kama hiyo maishani. Akawaza afanye nayo nini, mwisho akanunua vyombo vya glasi: vikombe, chupa, bilauri, vitu za kung'aa. Akazipanga kwa kikapu kikubwa, akatafuta mahali watu wanapita, akaketi chini, mgongo kwa ukuta, kikapu mbele ya miguu. Hadi hapo, niambie kosa liko wapi. Mtaji ako nao, stoku ako nayo, kona yenye wateja ako nayo. Hivyo ndivyo nusu ya wasee wa Toi walianza.

Shida ni wateja hawajafika, na kichwa hakikuwa na kazi.

Akaanza hesabu. Hii stoku ni ya 100, nitauza 200. Nitanunua ingine, niuze 400. Nikizungusha hivyo nitafika 4,000, halafu nitaendelea mpaka niwache glasi kabisa niingie biashara ya vito na manukato. Nitanunua nyumba kubwa, watumwa, farasi. Zikifika laki moja, nitatuma watu waende kwa waziri mkuu wamposee binti yake, na mahari nitatoa dinari 1,000 za dhahabu. Waziri akikubali, sawa. Akikataa, nitamchukua kwa nguvu.

Ona vile sauti imeanza kubadilika. Alianza na kikombe, sasa anatishia waziri. Na bado hajauza hata kimoja.

Harusi inafika. Msee amevaa vizuri, ameketi kwa mto wa hariri, bibi harusi ameletwa mbele yake amepambwa, na yeye hamwangalii. Makusudi. Anataka ajue nani ndo mwenye nyumba. Mama ya msichana anakuja anambembeleza, anambusu mkono, anamwambia binti yangu hajafanya kosa, mwangalie hata mara moja. Anampa msichana kikombe amletee mume wake. Msichana anasimama hapo na kikombe mkononi, anamwomba anywe, anakisongesha mpaka karibu na mdomo. Na huyu msee, kwa hio raha yote ya kuombwa, anampungia mkono usoni na kumpiga teke. Hivi.

Teke lilikuwa la ukweli. Mguu ulikuwa wa ukweli. Kikapu kilikuwa mbele yake.

Kila kitu kikaanguka chini kikawa vipande. Watu walikuwa wanapita kwenda kuswali swala ya Ijumaa, wengine wakamhurumia, wengine wakapita tu. Katika toleo la Kifaransa kuna fundi wa nguo jirani yake aliyekuwa ameskia hio hotuba yote, na huyo alicheka mpaka basi, akamwambia haki yake kwa kumtesa msichana asiye na makosa.

Hapo ndipo wengi humalizia hadithi.

Jina lilitokaje huko mpaka kwa mdomo ya mzae wa mtaa

Kwa Kiarabu anaitwa al-Nashshar, maana yake mpasua mbao. Sasa kama jina lingekuja pwani moja kwa moja kutoka kwa Kiarabu, ungetarajia tuliite kitu kama Nashari. Angalia vile Abu Nuwas, yule mshairi wa Baghdad, alifika kwetu akawa Abunuwasi: kila herufi iko, tumemwongezea tu irabu mwishoni. Lakini Alinacha ana "ch" mahali pa "sh", na "r" ya mwisho imepotea kabisa. Nani alikula hio herufi?

Jibu liko Ulaya. Kati ya 1704 na 1717, Mfaransa anaitwa Antoine Galland alichapisha hizi hadithi kwa lugha yake, na jina akaliandika Alnaschar. Waingereza wakalichukua hivyo hivyo. Mfaransa akiandika "ch" anasoma "sh", lakini mtu mwingine akiiona kwa karatasi anaweza kuisoma "ch" kama ya chapati. Na Mwingereza "r" ya mwisho huwa haitamki. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa ukoloni, Frederick Johnson na Edwin Brenn walitoa Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, na vitabu vya aina hio vilisomwa shuleni miaka na mikaka. Lugha yetu haipendi "l" na "n" zikibanana, kwa hivyo "i" ikaingia katikati kutuliza vita. Alnaschar akawa Alinacha. Ukiniuliza mimi, hilo jina limebeba alama za safari yake usoni: lilitoka Baghdad, likapitia Paris na London, ndio likafika Mombasa na Nairobi.

Na hata Baghdad si mwanzo. Wahindi walikuwa na hadithi kama hiyo kitambo sana kwa Panchatantra: msee maskini amelala chini ya chungu cha unga, anawaza auze unga anunue mbuzi, mbuzi wawe ng'ombe, ng'ombe wawe farasi, aoe, apate mtoto, na siku moja mtoto akisumbua atampiga mama yake teke. Chungu kikavunjika, unga ukammwagikia. Kwa Kalila na Dimna, ambayo Ibn al-Muqaffa aliitafsiri kwa Kiarabu karne ya 8, chungu kiko na samli na asali, na badala ya teke ni fimbo. Mwaka wa 1678 Mfaransa La Fontaine akaleta msichana wa kuuza maziwa, amebeba mtungi kichwani, na huyo hakupiga mtu yeyote. Aliruka tu kwa furaha. Maziwa yakamwagika hata hivyo.

Kati ya wote, wetu ndo mbaya zaidi kwa tabia. Na nadhani ndio maana jina lake ndilo lilishika.

Nani hulitumia, na analitumia kwa nani

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Siku hizi utalipata kwa insha za wanafunzi, kwa magazeti ya Kiswahili, na kwa watangazaji wa mpira. Harambee Stars hawajawahi kufuzu Kombe la Dunia hata mara moja, kwa hivyo kila miaka minne kuna mtu anaandika kwamba hizo ni ndoto za Alinacha na hakuna mwenye anabisha. Wanasiasa nao hulipenda vibaya. Ni tusi lenye limevaa suti. Ukimwita mpinzani mwongo anaweza kukupeleka kortini, ukimwambia anaota ndoto za Alinacha umati unapiga makofi na yeye anabaki kutafuta kamusi.

Lakini angalia mwelekeo wa neno. Ni nadra sana kuliskia likitoka chini kwenda juu. Hulirushwa na mwenye ako na kitu, likimlenga mwenye hana. Na Kibera ni mahali limerushwa sana.

Chukua stori ya Wanubi wa Makina. Mababu zao walikuwa wanajeshi wa Waingereza, wakawekwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, kukiwa bado msitu. Jina lenyewe Kibra ni la Kinubi na linamaanisha hivyo, msitu. Mwaka wa 1918 eneo hilo lilipimwa likiwa zaidi ya ekari 4,000. Lakini karatasi ya kusema hii ni yenu hawakupewa. Wakazaliwa watoto, wajukuu, vitukuu, na kwa makaratasi bado walikuwa kama watu wamepiga kambi. Kuomba hati miliki ya ardhi Kibera, katikati ya Nairobi, kwa zaidi ya miaka mia? Hio ni Alinacha kabisa. Mtu yeyote mwenye akili angekwambia haiwezi mek.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya jamii ya ekari 288.

Ukitoa 288 kwa 4,000 na ushee, najua, hio hesabu inauma, na kuna wenye watasema wamepewa kipande cha glasi badala ya kikapu. Point ni kwamba jambo lililoitwa haliwezekani lilikuwa linawezekana siku zote. Lilikuwa tu halijaamuliwa na mwenye kalamu.

Nyumba pia. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zilianza kuhamishwa kwenda nyumba za muda Lang'ata ili mtaa wao ujengwe upya. Watu wakabatiza hapo Nchi ya Ahadi, na kwa vile tunajua utani wa mtaa, nusu ilikuwa imani na nusu ilikuwa kejeli. Waliambiwa watarudi. Miaka ikapita. Wenye walikuwa wanasema watapata funguo za nyumba ya gorofa yenye choo ndani walikuwa wanachekwa na majirani wao wenyewe. Nyumba 822 zilikabidhiwa 2016. Si kila mtu alipata mwenye alingojea, na hio ni stori ingine ndefu, lakini mlango ulifunguka na kuna watoto wamekulia hapo ndani.

Kwa hivyo tofautisha vitu viwili. Wale wazee wa Makina walikuwa na madai, na waliyashika kwa mikono miwili kwa vizazi, wakienda ofisi hadi ofisi, korti hadi korti. Alinacha alikuwa na kikapu na akakipiga teke. Watu hutumia jina moja kwa wote wawili, na wa kwanza anaonewa. Hakuna mahali kwa ile hadithi ambapo glasi zilivunjika juu msee aliwaza atakuwa tajiri. Zilivunjika juu kwa mawazo yake tajiri ni mtu wa kupiga wengine teke. Soma tena ile sehemu ya harusi kama hauniamini. Angewaza nyumba na farasi mpaka jioni, kikapu kingekuwa bado kiko hapo.

Alinacha wa ukweli wa siku hizi, ukinilazimisha nimwonyeshe, hayuko kwa foleni ya kutafuta hati. Yuko na mkeka. Ameweka mechi 17 kwa simu, na ile fifty bob ya mwisho, ya chapo dondo, imeingia hapo. Hesabu yake iko sawa kabisa kwa karatasi, kila timu peke yake inaweza kushinda, ndio maana ni Alinacha. Mwaka wa 2017 kuna Mkenya mmoja alibeba jackpot ya zaidi ya milioni 221, na hio habari imevunja vikapu vingi kuliko teke lolote, juu kila mtu sasa anajua inawezekana. Mechi ya 14, dakika ya 90, mkeka unachanika. Na tofauti na yule wa Baghdad, huyu wetu wikendi ijayo ananunua glasi ingine.

Ukitaka kulitumia bila kuaibika

Sema "ndoto za Alinacha" ama "ndoto ya Alinacha" kama ni moja. Wengine huandika kwa herufi ndogo, alinacha, kama neno la kawaida, na hio pia inakubalika kwa vile jina limeshakuwa neno. Usiseme "ndoto za Abunuwasi", huyo ni mjanja aliyewapiga watu chenga, hakuwahi kuvunja chake. Na usilitumie kwa kitu ambacho hakiwezekani kwa maumbile. Jogoo kutaga yai si Alinacha, jogoo hana mpango wowote. Lazima kuwe na mtu, na huyo mtu awe amepiga hesabu.

Ukirushiwa wewe, na utarushiwa tu, njia rahisi ya kujibu ni kumuuliza mwenye amelirusha hadithi inaisha aje. Atakwambia glasi zilivunjika. Mwambie bado.

Juu kwa hadithi yenyewe, akiwa bado amekaa hapo analia juu ya vipande, mwanamke mmoja tajiri alipita amepanda nyumbu akielekea kuswali. Akauliza huyu ana nini, akaambiwa, akamwagiza mtumishi wake ampe mfuko. Ndani kulikuwa na dinari 500 za dhahabu. Jirongo nzima ya dhahabu, asubuhi ile ile, kwa mtu mwenye mtaji wake wote ulikuwa soo ya fedha. Kisha bikizee mmoja akamfuata nyumbani akijifanya anaomba maji ya kutawadha, akamdanganya mpaka kwa nyumba fulani, akapigwa karibu afe, dhahabu yote ikaenda. Alipopona alirudi kulipiza kisasi, na chambo alichotumia ni mfuko aliotengeneza utoshe dinari 500, akaujaza vipande vya glasi ili ulie kama pesa. Mambo hayakumwendea vizuri baada ya hapo. Alifukuzwa mjini, akaishia kukatwa masikio. Kinyozi, yule ndugu wa mdomo mrefu, alimfuata huko nje, akamvisha, akamrudisha Baghdad kisiri, na akawa anamlisha.